Pima Tena: Historia ya Fundi Aliyeandikiwa Uzembe

Ndugu waombolezaji, historia hii ilikuwa isomwe na shemeji yangu, kaka wa marehemu, lakini jana ofisi ya kampuni marehemu alikofanya kazi ilimletea ya kwao iliyochapwa, imeandikwa kwamba mume wangu amekufa kwa uzembe wake, nikamwomba anipishe nisome niliyoiandika mwenyewe, mniwie radhi, mtoto ana miezi saba na nyumba tunayokaa ni ya kampuni, naogopa, lakini nitasoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1991, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, alisoma shule ya msingi hadi 2004, sekondari hadi 2008, akahitimu chuo cha ufundi Novemba 2011, na tangu Januari 2012 alikuwa karakana ya kampuni, meza ya pili kutoka dirishani, akitengeneza bodi za umeme za kompyuta kubwa, wenzake wakambandika jina la Pima Tena, wakimtania kwamba hata mkewe alimpima kabla ya kuposa, na mimi nikiwajibu kwamba alipima mara mbili.

Tulifunga ndoa tarehe 14 Desemba 2019, tukajaliwa binti tarehe 22 Agosti 2022, ndiye huyu aliye mgongoni kwa mama mkwe.

Jumanne tarehe 14 Machi 2023 aliletewa bodi inayoshusha volti kumi na mbili hadi volti moja, kwa mkondo wa mamia ya ampea, mzigo ambao njia moja haiuwezi, hivyo hugawanywa kwa njia sita, kama hawa sita waliobeba jeneza leo, mmoja akiachia, watano watalibeba na mtu wa mbali ataona liko sawa tu, na ndivyo ilivyokuwa, msimamizi wa karakana alipima volti za mwisho, akaziona nzuri, akamwambia bodi imepona, unatafuta nini tena, bwana, wateja wanasubiri, marehemu akamjibu kwamba zinaonekana nzuri kwa sababu watano wanambeba wa sita aliyelala, akaomba nusu saa apime njia moja moja, akayaandika hayo kwenye daftari la hitilafu saa tisa na dakika ishirini, mwandiko wake, dada wa stoo amenipa nakala.

Hakupewa hata robo saa. Msimamizi aliweka mzigo wote wa umeme kwa mkono wake, marehemu akiwa bado ameinama na waya wa kupimia, njia iliyoelemewa ikapasuka, moto ukadaka spiriti ya kusafishia bodi, ukamrukia kifuani, akalazwa siku tisa, akafariki tarehe 23 Machi saa nne asubuhi, na huo ndio uzembe wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya majeraha ya moto, majirani mliompikia mtoto uji nikiwa hospitali, na mafundi wenzake mliokuja ingawa mlikatazwa kusema. Msimamizi, nimekuona umesimama kule nyuma, sikufukuzi, kaa tumzike, ila Jumatatu nitakuja ofisini na binti yake na ile nakala, nami sitaondoka mpaka neno lile lifutwe mbele yangu.

Lala kwa amani, mume wangu, ubovu ulikuwa umeuona.