Doto Salome William, Mtoto Aliyesifiwa Upole

Marehemu Doto Salome William alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Februari 2004, Ushirombo, Bukombe. Alikuwa pacha: Kulwa alitangulia, Doto akafuata. Wazazi wake ni Bwana William, mchimbaji mdogo wa dhahabu, na Mama Kulwa, dada yangu. Mimi ninayesoma ni Paskalina, mama yake mdogo.

Kulwa alilia mpaka majirani wakamjua kwa sauti. Doto alinyonya kidogo akalala. Kwetu Kulwa ndiye mkubwa, hutangulizwa katika kila jambo, basi bibi yao mzaa baba, Bibi Lukresia, akaielewa hali ile kwa desturi aliyokulia. "Msimwamshe," alisema. "Anamsubiri mkubwa wake ashibe. Hamwoni adabu hiyo?" Tulicheka kwa furaha. Wanawake walikuja kumtazama mtoto mpole, wakasema laiti na wao wangejaliwa wa namna hiyo.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Doto alipofikisha wiki tatu, macho yake yakiwa bado ya manjano, alikutwa asubuhi amepoa, mikono inatetemeka, kisha akalegea. Alikimbizwa hospitali, Geita. Daktari Swaleh alimpima sukari, akaikuta imeshuka vibaya, akamtundikia dripu. Doto akalia, nasi tukalia naye. Lakini kila dripu ilipopunguzwa, sukari ilishuka tena, na daktari alipommulika tochi, macho yalitangatanga bila kuufuata mwanga.

"Nyumbani hulia akiwa na njaa?" aliuliza.

"Huyu hana makelele, daktari," bibi alijibu kwa fahari. "Ni mpole."

"Bibi, mtoto wa wiki tatu hajui upole. Huyu hakuwa na nguvu ya kulia."

Ndipo akatueleza kwamba anayatazama yale mambo matatu kwa pamoja: sukari isiyokaa, manjano isiyoisha na macho yasiyotulia. Chini ya ubongo, alisema, kuna tezi iitwayo pituitari, ndogo kama punje ya haragwe, inayoziamuru tezi nyingine za mwili. Ya Doto, alihisi, haikuumbika vizuri, na mishipa ya macho vilevile. Vipimo vya damu na picha ya ubongo kutoka Dar es Salaam vilithibitisha alivyosema. Akaanzishiwa vidonge vya kufanya kazi ya tezi hiyo, vya kumeza maisha yake yote bila kukosa hata siku. Daktari alitamka wazi kwamba hali hiyo ilitoka tumboni, wala hakuna mtu aliyeisababisha. Maneno hayo Bibi Lukresia hakuyasikia. Alichosikia ni kwamba mtoto alikuwa na njaa, na yeye ndiye aliyekataza asiamshwe.

Mwaka 2011 mapacha walikuja kukaa kwangu Ngokolo, Shinyanga mjini, wakaanza shule ya msingi. Doto aliona kwa shida hata akikaa dawati la mbele. Kulwa alimsomea kwa sauti, naye akashika kila neno. Matokeo ya Historia yalipotoka, aliyesomewa alikuwa amempita msomaji, na Kulwa alininunia mimi kana kwamba ndimi niliyesahihisha. Walimaliza kidato cha nne mwaka 2021.

Baadaye Doto alifuma kofia na masweta ya watoto wachanga, akiyauza Maganzo, kando ya barabara. Hakuna mama aliyenunua bila kuulizwa: ananyonya vizuri? Analia? Manjano imeisha? "Nimefuata kofia, sikuja kuhojiwa!" mmoja alimfokea. Doto akamjibu, "Kofia bei ni ile ile, mama. Maswali ni nyongeza." Mama huyo alienda zake amenuna, lakini alimpeleka mwanawe akapimwe sukari. Mtoto yule anatibiwa, na leo yuko hapa mgongoni kwa mama yake.

Marehemu hakuolewa. Waliokuja kumposa aliwaambia wajifunze kwanza saa za vidonge vyake, na hakuna aliyerudi kufanya mtihani.

Mwezi huu wa Agosti 2025 alikwenda Chato kumtembelea Kulwa na mumewe Donatus. Huko akashikwa na malaria, akawa anatapika, vidonge havikai. Kulwa alimchoma sindano ya dharura kama tulivyofundishwa, akamfikisha hospitali. Madaktari walipigana kweli. Doto alifariki mchana wa Jumapili, tarehe 17 Agosti 2025, Kulwa akiwa amemshika mkono.

Ameacha baba, mama, Kulwa na shemeji yake, sisi mama zake wadogo, na Bibi Lukresia.

Bibi hajala tangu habari ifike. Anarudia neno moja tu: "Ningemwamsha anyonye." Miaka yote Doto alimjibu, "Bibi, nilizaliwa nayo. Ulichonipa wewe ni uji na mapenzi. Wabeja, bibi, asante." Hakukubali. Kwa hiyo marehemu, akiwa bado na kauli, alimwachia Kulwa agizo, nami nalisoma mbele yenu wote: baada ya padri, wa kwanza kuweka udongo awe bibi, kabla ya baba na mama. Akasema, "Asisimame nyuma kama mwenye kosa. Hana kosa."

Mungu ampokee Doto wetu, ampe pumziko jema.

Bibi Lukresia, nishike mkono. Twende.