Mzee Sifuri na Gari la Lita Mia Nne

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, saa kumi jioni, mwenzetu tunayemwita Mzee Sifuri atatundika ufunguo wa gari la maji kwenye msumari wa stoo kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja na karibu miezi mitano ya kuosha madirisha ya watu wengine. Aliingia kazini Jumatatu, tarehe 1 Februari, akiwa na ndoo yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba ndoo za kampuni zinavuja. Zilikuwa zinavuja kweli.

Uongozi uliniomba niandike wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye mtunza stoo, na nina mazoea ya kuandika kila siku yaliyotokea. Rasimu ya kwanza nilimpelekea mwenyewe aisome. Aliirudisha kesho yake ikiwa na neno moja la penseli pembeni: "Ngazi?" Nilikuwa nimeiruka ngazi kwa heshima. Nilipomfuata alisema kama ngazi haimo, basi na yeye hayumo, na keki tutaila wenyewe. Kwa hiyo naanza na ngazi.

Kwa miaka kumi na tisa ya kwanza alifanya kazi kama ilivyofanywa na wote wakati ule: ngazi ya alumini, ndoo, sifongo na mpira wa kukaushia kioo. Walikwenda wawili wawili, mmoja juu na mwingine chini ameshika. Sheria ilikuwa moja tu, na haikuandikwa popote: aliye chini haachii mpaka aliye juu akanyage ardhi. Mwenzake kwa miaka kumi na minne alikuwa mdogo wa mke wake, ambaye alimleta kazini yeye mwenyewe. Sisi sote humwita Shemeji, hata tusiooa kwao. Waliokuwa wakipita chini ya ngazi yao walipata burudani ya bure. Mzee akiwa chini alipiga kelele, "Hiyo pembe umemwachia buibui urithi?" Shemeji naye hujibu kutoka juu, "Njoo uoshe wewe, mwenye macho ya mwewe na magoti ya bibi harusi!" Kisha kulikuwa na kamvua kadogo ka maji ya sabuni, ambako Shemeji daima alidai ni bahati mbaya.

Tarehe 16 Oktoba, saa nne na dakika ishirini asubuhi, walikuwa kwenye jengo la ofisi lenye njia nyembamba ya vigae mbele yake. Alipita mama mmoja anasukuma kigari cha mtoto, na ndoo ilikuwa katikati ya njia. Mzee aliiachia ngazi, akaenda kuisogeza ile ndoo. Hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi. Vigae vilikuwa vimelowa. Aliporudi, hapakuwa na ngazi ya kushika.

Shemeji alivunjika nyonga na bega la kushoto. Mzee hajawahi kusema kwamba ngazi iliteleza. Kwenye fomu ya ajali, ambayo ninayo stooni hadi leo, palipoandikwa "Sababu", aliandika: "Niliachia." Mke wake alikaa kando ya kitanda cha mdogo wake wiki tano, na kila jioni alirudi nyumbani akampakulia mumewe chakula kama kawaida, asimuulize kitu. Mzee ameniambia kwamba angepewa kuchagua, angechagua kuulizwa.

Baada ya hapo alikwenda kwa mkurugenzi na kumwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba hatashika ngazi tena wala hatakubali kumwona mtu anaipanda. Alikuwa amesikia kuna watu wanaosha ghorofa ya tatu wakiwa wamesimama chini, kwa fimbo ndefu yenye brashi kichwani na mpira wa maji ndani yake. La pili, kwamba nafasi ya Shemeji isijazwe. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, lakini kampuni ilikuwa ndogo. Alimruhusu Mzee achague gari na vifaa vyake. Kuhusu Shemeji, alisema nafasi itamsubiri hadi mwisho wa Julai. Ikifika Agosti hawezi kazi, ataajiriwa mwingine. Madaktari walikuwa wameshasema kwamba ngazi hataipanda maishani mwake.

Ndiyo maana Mzee alichagua lile gari kama mtu anayechagua dawa.

Wengi wetu tulidhani kununua gari la maji ni kutafuta vani, kutia tangi, kuondoka. Muuzaji naye alidhani hivyo. Alileta vani ndogo ya mfano yenye tangi la lita mia sita na hamsini, limesimama wima kama kabati na kufungwa kwa mikanda. Mzee hakuuliza habari za rangi wala redio. Aliomba kadi ya gari aone linaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Zilikuwa mia saba na themanini. Akatoa penseli: lita moja ya maji ni kilo moja, watu wawili, kilo mia na sitini, tangi tupu na fremu yake, tisini na tano, pampu, betri na machujio, arobaini na tano, mipira na fimbo, hamsini. Akamwonyesha muuzaji kwamba gari lake limezidisha kilo mia mbili na ishirini kabla hata dereva hajanunua soda. Muuzaji alisema mbona nafasi bado ipo kubwa tu nyuma. Mzee alimjibu kwamba nafasi si uzito. Hata kitanda kina nafasi, lakini usilaze ng'ombe.

Kisha aliomba waliendeshe. Wakashuka kwenye mteremko wa shule, akafunga breki. Gari lilisimama, maji hayakusimama. Yalikuja mbele kwa kishindo, yakalisukuma gari hatua nzima hadi kwenye alama nyeupe za wavukaji. Muuzaji alishuka akatembea kwa miguu kurudi. Kwa bahati njema hakukuwa na mtoto anayevuka.

Alichukua tangi la lita mia nne: pana, fupi, lenye kuta ndani za kuyazuia maji yasikimbie, limefungwa kwa bolti zinazopenya sakafu hadi kwenye fremu ya chini ya gari. Gari likiwa limejaa, yeye na mimi ndani, alilipeleka kwenye mizani ya magari ya mchanga. Lilikuwa chini ya kikomo kwa kilo thelathini. Tulimcheka. Tulisema amenunua gari zima ili kubeba glasi ya maji. Alisema maji yakiisha tutarudi kuongeza, breki ikiisha haturudi.

Fimbo ndiyo iliyomsumbua zaidi. Mkurugenzi alitaka ya faiba, ndefu, inayofika ghorofa ya tano, na kwa bei ile ile Mzee angepata ya kaboni, nyepesi mno lakini inayoishia ghorofa ya tatu. Kulikuwa na ya tatu iliyochanganywa, katikati kwa kila kitu. Mzee aliziazima zote tatu, na Jumamosi, tarehe 8 Juni, tukazipeleka nyumbani kwa Shemeji.

Shemeji alikuwa anatembea kwa mkongojo. Mkono wa kushoto haukupanda kupita sikio. Mzee alimpa fimbo ya faiba, akamwonyesha dirisha la juu la jirani, akatoa saa. Dakika ya sita Shemeji aliilaza chini, akasema mikono imekufa ganzi. Ile ya mchanganyiko aliikokota robo saa, jasho likimtoka, akaomba kiti. Dada yake, mke wa Mzee, alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani, anatazama.

Ya kaboni aliinua, akaishusha kidogo, akaiinua tena kama anayedhani amepewa nusu. Akaosha dirisha la juu. Akaosha la pili. Hakuna aliyemwambia aende la tatu, lakini alikwenda. Kisha bila kugeuka akaita, "Dada! Leta chai. Si unaona mwenzako yuko kazini?"

Dada aliingia ndani na chai haikutoka kwa muda mrefu. Mzee alimfuata. Waliyozungumza jikoni siyajui. Walipotoka, aliyebeba sinia alikuwa Mzee.

Jumatatu mkurugenzi alipouliza ghorofa ya tano ataiosha nani, ndege, Mzee alimwekea mezani orodha ya majengo yetu arobaini na sita. Thelathini na tisa hayakuzidi ghorofa tatu. Yale saba alishauri tuyaachie wenye kamba na vifaa vya kupanda. Tuliyaachia, na hatukufurahi.

Shemeji alirudi kazini tarehe 1 Julai. Jumatatu, tarehe 8, wakaosha maktaba, jengo lenye vioo vingi kuliko kuta, na hapo ndipo kila kitu kilipokaribia kuharibika. Maji ya bomba yana chumvichumvi. Yakikaukia kwenye kioo yanaacha madoa meupe. Yale ya kwenye gari lazima yapite kwanza kwenye machujio, tone kwa tone, usiku kucha. Yakiwa safi hukauka yenyewe bila kufutwa. Asubuhi ile niliona tangi halijajaa. Nikalijaza kwa mpira moja kwa moja kutoka kwenye bomba. Nilidhani maji ni maji. Mchana jua lilipopiga, maktaba nzima ilikuwa imeota madoa kama ndui.

Mkutubi alipiga simu. Mkurugenzi alisema amevumilia vya kutosha: gari liuzwe, ngazi zirudi, na Shemeji atafutiwe barua ya kuachishwa kazi. Nilisimama kukiri, lakini Mzee alinitangulia. Alisema gari lilitoka mikononi mwake bila kupimwa, kwa hiyo kosa ni lake, na anaomba Jumapili moja. Baadaye nilimuuliza kwa nini amebeba mzigo wangu. Alisema wangu ulikuwa kujaza maji tu, wake ulikuwa kuangalia.

Jumapili, tarehe 14, waliiosha maktaba upya, wao wawili. Kabla ya kuanza Mzee alichovya kwenye maji kile kipimo kidogo mfano wa kalamu, kinachoonyesha namba ya chumvi iliyobaki. Kilisoma sifuri. Walirudi mara tatu kuongeza maji, kwa sababu ya lile tangi dogo tulilolicheka. Jumatatu mkurugenzi mwenyewe alikwenda kutazama. Alirudi akasema amegonga kichwa kwenye mlango akidhani uko wazi. Habari za kuuza gari hazikusikika tena, na barua ya Shemeji haikuandikwa.

Tangu siku ile gari halijatoka asubuhi yoyote kabla hajachovya kipimo, akakisoma kwa sauti uwanja mzima ukasikia: "Sifuri!" Jina likamkaa. Wajukuu wake nao humwita hivyo, mkewe akiwa mbali.

Kwa karibu miaka kumi na moja sasa hakuna mfanyakazi wetu aliyepanda ngazi kuosha dirisha, na hakuna aliyeanguka. Amefundisha watu tisa. Wote wanajua kuanza na fremu ya juu, kusuuza mwisho, na kutandaza mpira wa maji kando ya njia, kwa kuwa mpira wa maji, asemavyo, ni nyoka asiye na sumu lakini anavunja watu miguu. Fimbo ya kaboni imebadilishwa mara mbili. Tangi ni lile lile.

Naomba kuongeza jambo moja ambalo halimo katika faili lake. Tarehe 11 mwezi huu nilipeleka chujio jipya kwenye maktaba. Shemeji alikuwa anaosha ghorofa ya pili, na Mzee amesimama nyuma yake hatua mbili, miguu ameipanua, mikono mitupu, macho juu. Husimama hivyo kila mara Shemeji anapokuwa kazini. Mfanyakazi mpya, wiki yake ya kwanza, aliniuliza kwa sauti ambayo haikuwa ndogo ya kutosha, "Huyu mzee mbona anasimama pale na hashiki kitu?"

Shemeji hakugeuka. Alisema, "Mwache. Ameshika ngazi."

Mzee Sifuri, kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote, asante kwa miaka yako, kwa hesabu zako za penseli, na kwa kila mmoja wetu anayerudi nyumbani jioni kwa miguu yake. Mimi binafsi nakushukuru kwa Jumapili ya maktaba. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na madirisha machache sana nyumbani kwako. Nilipomuuliza Shemeji naye angependa niandike nini hapa mwisho, alifikiri huku anakunja mpira wa maji, kisha akasema niandike hivi, nisiongeze kitu:

"Shemeji, achia sasa. Nimeshafika chini."