Miaka Kumi na Moja ya Kadi Moja ya Povu

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mhariri wetu wa herufi P, tuliyempa jina la Mzee Kadi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Kamusi yetu nayo, inshallah, sasa itachapishwa.

Tusimpunje sifa zake. Kuanzia "paa" hadi "potea" alimaliza kwa miaka miwili tu. Kisha akafika kwenye "povu", akakaa miaka kumi na moja. Mtu mwingine angeandika mstari mmoja akaenda kunywa chai. Mzee Kadi ana kanuni: neno haliingii kwenye kadi ya kamusi mpaka aone kwa macho yake linavyotumika.

Basi akaweka beseni chini ya meza, akafua mapazia yote ya idara, akiandika jinsi povu la sabuni linavyopanda na kushuka. Akachemsha maharage kwenye jiko la chai. Povu likafurika, likazima jiko, na idara nzima ikashinda bila chai kwa faida ya lugha.

Ikabaki "kutoa povu", yaani kufoka kwa hasira. Hapo mkurugenzi alijitolea mwenyewe, dakika arobaini, mlango wazi. Mzee alimsikiliza kwa adabu, kalamu mkononi, akamwomba arudie sentensi ya tatu.

Mimi ni msaidizi wake. Nimemwandikia kadi hiyo mara tisa, na mara tisa imerudi na wino mwekundu: "Umeona wapi?" Juzi mpiga chapa alituma neno la mwisho: kadi isipofika Ijumaa, kamusi inatoka bila povu. Nilimwambia Mzee yote yaliyokuwa moyoni, na mengine ambayo sikujua yamo. Akachukua kalamu, akaandika kitu.

Leo asubuhi nimeikuta kadi mezani kwangu. Maana ni ileile niliyoiandika mwaka wa kwanza, neno kwa neno. Penye jina la mwandishi ameweka langu. Chini yake, mfano wa matumizi: "Binti yangu wa hapa kazini alitoa povu siku moja tu katika miaka kumi na moja, na alikuwa na haki."

Nimelia, sifichi.

Asante, Mzee wetu. Nenda ukapumzike, maisha yakunyookee. Beseni tuachie.