Msumari wa Kumi

Benchi lililo mbele ya kibanda cha Fundi Viatu lina ubao mmoja mrefu, miguu minne isiyolingana, na misumari tisa iliyopigwa kwa mstari ukingoni. Kila msumari ni kocha. Timu ikianza kuvurunda, wenye benchi hukaa kikao, hupiga kura kwa vidole, na Fundi hugongomea msumari mmoja kabla viongozi wa klabu hawajafungua mdomo, ili ijulikane nani alitangulia kuona. Jumatatu hii viongozi walikuwa wakutane saa kumi alasiri, na msumari wa kumi ulishachaguliwa tangu asubuhi. Ila Fundi, ambaye wale tisa aliwagongomea huku akipiga mluzi, leo alikuwa amebana misumari midomoni kama mtu mwenye kazi nyingi, na kazi yenyewe ilikuwa kisigino kimoja tu, cha muuguzi mmoja mgeni aliyekaa kwenye ncha ya benchi mguu mmoja peku. Kocha wa makipa wa timu ile ni mkwe wake Fundi. Kocha mkuu akiondoka, huondoka na watu wake wote. Mkwe angehamia mji mwingine kutafuta kazi, na angehama na mke na mtoto. Mtoto mwenyewe ana miaka minne, na kila mchana akitoka chekechea hukaa kwenye kigoda cha babu yake akipanga kamba za viatu kwa rangi. Wenzake Fundi waliyajua yote hayo. Lakini benchini mpira hauna mkwe.

Kikao kilifunguliwa na Kipenga, aliyewahi kuchezesha mechi za shule na ambaye hadi leo hawezi kuomba kahawa bila kuinua mkono juu.

— Mechi sita, tumefungwa nne, sare moja. Jamani, wahenga walishamaliza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kocha mechi mbili, ya tatu mpe begi!

— Wewe una huruma sana, alisema Takwimu, karani wa duka la vifaa vya ujenzi, akifungua daftari lake. Mimi nimefanya utafiti. Kocha mbovu anajulikana dakika ya ishirini. Huyo unamfukuza mapumziko. Kipindi cha pili anaingia mwingine.

— Na huyo mwingine kipindi cha kwanza anakuwa wapi?

— Pembeni, anapasha misuli.

Bi Birika, muuza kahawa, alimimina kikombe bila kumwangalia mtu.

— Nyinyi wanaume mnachelewa. Mimi namfukuza uwanja wa ndege. Akishuka na mkono mfukoni, hapohapo mgeuze. Huyu wetu alishuka na mikono yote miwili mfukoni.

— Kulikuwa na baridi, Bi Birika.

— Dalili ya mvua ni mawingu.

— Na mawingu yalikuwepo! Ndiyo hiyo baridi ninayokuambia.

— Ngojeni, ngojeni, alisema Kipenga, mkono juu. Samaki mkunje angali mbichi. Barua ya kumwajiri na barua ya kumfukuza zisainiwe siku moja, kalamu ileile. Tarehe ya kufukuzwa iachwe wazi.

— Uiache wazi ya nini? aliuliza Takwimu. Andika ya jana! Kocha afike akiwa ameshafukuzwa. Aliyekwisha kufukuzwa anaogopa nini tena? Atapanga kikosi kwa raha zake.

Hata Bi Birika aliitikia kwa kichwa.

— Na beki wetu aliyevunjika?

— Kosa la kocha, sauti yake ndogo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kisha wakamgeukia Fundi.

— Wewe leo umemeza nyundo?

— Mmh.

— Mwache, ana mkwe.

— Mkwe! Takwimu akapiga daftari kofi. Magoli kumi na moja mechi sita! Makipa wanadaka upepo, halafu tumwonee nani haya?

Fundi ilimuuma. Alitaka kuwaambia kwamba yule kijana huamka kabla ya jogoo, na kwamba mabeki wakilala hakuna kipa anayeweza kuwafunika shuka. Lakini maneno kama ya Takwimu aliwahi kuyasema yeye mwenyewe, tena makali zaidi, mara tisa. Ikamjia leo tu kwamba na wale tisa walikuwa wakwe wa watu.

— Kura! alisema Kipenga. Misumari tisa, makocha tisa, benchi hili halijawahi kukosea. Anayetaka aondoke?

Vidole vitatu vikapanda. Fundi akaokota nyundo.

— Samahani, alisema muuguzi. Mimi mpira siujui sana. Mliwahi kuchukua kombe? Kocha alikuwa nani?

— Kombe! Kipenga alisimama. Kona ya kushoto, dakika ya themanini na nane, kichwa, kamba!

— Kipa alidaka na kidole kimefungwa bandeji, alisema Takwimu.

— Na mbwa aliingia uwanjani mara mbili, alisema Bi Birika. Wa kahawia.

— Na kocha?

Takwimu akafunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. Kipenga aliinua mkono kama anayetaka kutoa adhabu, akaushusha. Bi Birika akalitikisa birika; lilikuwa limebaki na machicha.

Fundi alitema misumari kiganjani mmoja mmoja. Kidole chake kikapita ukingoni mwa ubao: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kikasimama kwenye wa nne.

— Ni huyu.

— Huyo si alifukuzwa?

— Tulimfukuza sisi. Tulimgongomea mechi ya sita, kama leo. Viongozi wakamwacha, akachukua kombe. Tukaona aibu kumng'oa. Alipomaliza mkataba akaenda zake, hesabu ikalingana, tukanyamaza.

— Na wewe siku zote unajua?

— Nyundo si ilikuwa yangu?

Akachukua koleo, akaung'oa. Ulitoka mzima, haukupinda, una kutu kidogo tu kichwani. Akaufuta kwa aproni, akauweka kwenye kisigino cha kiatu cha muuguzi, akaupiga mara tatu. Muuguzi alivaa, akapiga hatua mbili.

— Unashika?

— Unashika kabisa.

Kipenga alikuwa ameinama anachungulia ubao.

— Sasa hapa pamebaki tundu, Fundi.

— Liache. Kila atakayekaa hapa kufukuza mtu, aanze kuliona hilo.

— Na huyu wa sasa?

— Msumari wake nimeurudisha kwenye kopo la misumari.

Fundi aliweka nyundo chini, akakisogeza kile kigoda kivulini na kukipangusa vumbi kwa kiganja. Viongozi wanakutana saa kumi, lakini chekechea wanatoka saa saba na nusu. Leo mtoto atatangulia kufika.