Historia ya Fundi Masikio, Aliyeambiwa Hasikii

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzetu na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza kaka yangu, familia imenikabidhi karatasi hii niisome kwa kuwa mimi ni mdogo wake na nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, nami nitaisoma kama ilivyoandikwa, isipokuwa mstari mmoja.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Masikio, alizaliwa tarehe 9 Juni 1963, akiwa kifungua mimba kati ya watoto watano, katika chumba kimoja nyuma ya ghala la mbao ambalo baba yetu alikuwa mlinzi wake. Alianza darasa la kwanza Januari 1971, akamaliza la saba mwaka 1977, na mama alizoea kusema kwamba nusu ya miaka hiyo aliisomea dirishani, akisikiliza msumeno wa ghalani na kutabiri siku utakayokatika.

Mwaka 1980 aliingia kwenye karakana ya pikipiki, na tarehe 2 Mei 1989 akafungua ya kwake, nyuma ya kituo cha mafuta, pale penye mlango wa bati la kijani. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, anafumba macho, kisha anakwambia ni jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia mafuta, iliyoziba au ni valvu, na ukifungua unakuta ndivyo. Tarehe 22 Agosti 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, ambao wote wako hapa leo, na wote walisomeshwa na zile kabureta.

Mimi nilijiunga naye mwaka 2002, akanifundisha kila kitu bila kunificha hata kimoja. Pikipiki za injekta, zinazopuliziwa mafuta kwa umeme bila kabureta, zilipoanza kujaa mjini nilinunua kompyuta ya kusomea hitilafu, na kuanzia hapo kichwa kikavimba. Mteja akiuliza anunue ya kabureta au ya injekta, kaka alimjibu kwa haki, kwamba kabureta itakusumbua kidogo kidogo kila mwezi lakini utaifungua mwenyewe njiani, na injekta itakunywea mafuta kidogo na kuwaka asubuhi bila kubembelezwa, ila pampu ya mafuta ikifa ujue unasukuma. Mimi nilidakia kwamba kabureta ni za wazee, wateja wakacheka, naye akacheka nao, na mimi nikadhani hajaumia.

Sasa nafika kwenye ule mstari. Karatasi inasema kwamba mwezi Oktoba 2021 marehemu aliacha ufundi kwa hiari yake ili apumzike. Mstari huo niliuandika mimi, na si kweli.

Tarehe 4 Oktoba mwaka huo mwalimu wetu wa shule ya jirani, ambaye namwona ameketi pale mstari wa tatu, alileta pikipiki yake ya injekta iliyokuwa ikikosa nguvu. Kompyuta ilionyesha kwamba sensa ya moshi, kifaa cha kupimia moshi wa injini, ndiyo mbovu. Kaka alifungua kifuniko cha tangi, akasikiliza, akasema, "Mdogo wangu, hiyo pampu inakohoa, usimwachie mwalimu aondoke." Nilimwambia mbele ya watu kwamba mashine haikosei, nikabadilisha sensa, nikamruhusu mwalimu aende. Kesho yake pikipiki ilizima akiwa analipita lori, akaanguka, akavunjika mfupa wa bega. Mume wake alipokuja karakana kuuliza nani aliigusa ile pikipiki, nilijibu maneno matatu tu, "Kaka aliigusa jana."

Kaka alikuwa amesimama hapo hapo. Aliniangalia, na yule bwana akasema kwamba mzee huyu hasikii tena na afunge kazi kabla hajaua mtu. Jioni pikipiki ilipoletwa nilibadilisha pampu kimya kimya, maana kweli ilikuwa imekufa. Jumatano kaka hakuja kazini, wala Alhamisi, na hakushika tena bisibisi ya mtu mwingine, nami nikaendelea kula kwa jina alilolijenga yeye.

Februari mwaka huu wa 2025 alianza kuvimba miguu, ikagundulika kuwa ni figo, akalazwa tarehe 11 Mei. Nilikwenda wodini mara sita nikiwa na neno hili mdomoni, na mara zote sita nikaishia kumuuliza kama amekula. Alifariki dunia tarehe 30 Mei, saa nne asubuhi, bado siku kumi atimize miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliokesha na shemeji, na mafundi wote mliofunga karakana zenu leo. Mwalimu, na wewe bwana uliyeketi kando yake, kaka yangu alisikia sawasawa, na aliyekuangusha, mwalimu, ni mimi. Shemeji, nisamehe kwamba umelisikia jambo hili pamoja na watu wote, lakini mbele ya watu ndipo nilipomvunjia heshima.

Kaka, jina lako nimelirudisha nikiwa nimechelewa. Pumzika kwa amani, ile niliyokunyima miaka minne.