Nilivyoitikia Ndiyo Mpaka Nikafeli Takwimu

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, shikamooni. Na nyie wadogo zangu mnaosukumana pale dirishani, ingieni ndani, maneno haya ni yenu kuliko ya mtu mwingine. Mama mwenyekiti ameninong'oneza niongee kwa upole, niwape moyo mabinti wanaosubiri kwenda vyuoni. Mama mwenyekiti, moyo nitawapa. Upole sikuahidi. Nina hasira ya miaka, naomba mnivumilie nayo.

Wengi mnanijua, mimi ni wa hapa hapa Mlalo, kule juu kwenye mapeasi. Chuo kikuu nilikwenda kusoma sosholojia, yaani namna watu wanavyoishi pamoja. Lakini pale chuoni kwetu ukishika fani kuu unachagua na fani ndogo ya kuisindikiza. Wenzangu walichagua historia, wengine lugha. Mimi nikachagua takwimu. Kwa nini? Kwa sababu kila mtaalamu aliyepanda mlima huu alikuja kutueleza maisha yetu wenyewe: kwa wastani mko hivi, kwa wastani mnavuna vile. Sisi tukapiga makofi, yeye akashuka zake. Nikasema na mimi nataka kujua huo wastani unapikwaje. Maana takwimu ni ufundi wa kukusanya habari za watu wengi na kuzisoma bila kujidanganya. Mmeelewa?

Haya, mmeitikia ndiyo. Mama yangu pale nyuma ameitikia kwa sauti kuliko wote. Ishikeni hiyo ndiyo yenu, nitairudia.

Darasani, wenye takwimu kama fani kuu walikaa mbele. Sisi wa fani ndogo mwalimu alituita wapita njia. "Nyie wapita njia, msiwacheleweshe wenye safari yao." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, mkubwa akitania utafanyaje? Basi anajaza ubao, anageuka, anauliza, "Mmeelewa?" Ukumbi mzima, "Ndiyo!" Anafuta, anajaza tena.

Ndugu zangu, nawaambia, sikuwa naelewa hata chembe. Na bado niliitikia. Kwa sababu mimi nimelelewa hapa. Hapa mtoto anaamkia, anainamisha macho, anasikiliza. Mkubwa akimaliza akakuuliza umesikia, jibu ni moja tu. Ukisema sijaelewa, umemwambia mkubwa hajui kusema. Nikiwa mdogo babu alinituma kwa jirani kuchukua kitu, sikusikia ni kitu gani, nikasema ndiyo babu. Nikaenda kukaa mtoni mpaka jua likazama kuliko kurudi kumuuliza. Mnacheka? Nilichapwa kwa kuchelewa. Kwa kutouliza hakuna aliyenichapa.

Mwaka ukaisha, matokeo yakatoka. Takwimu nimefeli. Nikapewa sapu, yaani kurudia mtihani. Na kwa alama zangu zilivyokuwa, kufeli sapu ni kudisko, unafungishwa virago unarudi kwenu. Nikaja likizo na habari hiyo kifuani, nikamweleza baba, ikaufikia ukoo mzima.

Mzee mmoja wa ukoo wetu akaja nyumbani. Simtaji, akifikishiwa maneno haya atajijua. Akakaa, nikamwamkia, akamwambia baba mbele yangu: "Si nilisema? Hesabu na mwanamke wapi na wapi! Huyu akifeli tena arudi aolewe, watu wameshauliza. Na yule mdogo wake kidato cha tano asiende, tusirudie kosa." Baba kimya. Mdogo wangu alikuwa pembeni anamenya viazi, kisu kikasimama mkononi. Mzee akanigeukia mimi, kwa upole kabisa. "Umenielewa, mwanangu?"

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Wagosi, nyie wanaume, msikunje nyuso, mimi ndiye mwenye haki ya kukunja uso hapa. Kinywa changu hiki kilimfungia mdogo wangu shule kwa neno moja la adabu. Yeye alirudi kumenya viazi. Heri angenitukana. Hasira niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena: nilimkasirikia yule mzee, nikamkasirikia baba na kimya chake, nikamkasirikia mwalimu na ubao wake. Nilimkasirikia hata babu yangu marehemu, Mungu amrehemu. Heshima ni kitu kizuri, nimeamkia hapa na nitaamkia mpaka nife. Lakini heshima inayomtaka mtoto adanganye ili mkubwa ajisikie vizuri, hiyo ni heshima gani? Nani anaila?

Nikashuka mlima, nikarudi chuoni. Kabla ya sapu kulikuwa na kipindi cha marudio. Mwalimu akaeleza mkengeuko, akajaza ubao, akageuka. "Mmeelewa?" Wenzangu, "Ndiyo!" Mimi nikasimama. Nikasema, "Shikamoo mwalimu. Mimi sijaelewa."

"Hujaelewa wapi?"

"Sijaelewa tangu siku ya kwanza."

Wakacheka. Akasema, "Wapita njia bwana! Kaa chini, sina muda huo."

Sikukaa. Kichwani nilimwona yule mzee wetu palepale, na kisu cha viazi kimesimama. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka, "Mwalimu, umetuuliza. Kama hutaki jibu, usituulize." Halafu nyuma yangu kijana mmoja akasema, "Hata mimi sijaelewa." Akafuata mwingine. Kisha, hamtaamini, msichana wa mstari wa mbele kabisa, wa fani kuu, akasema, "Mimi nakariri tu." Tulikuwa ukumbi mzima wa waongo wenye adabu. Mwalimu akachukua mkoba wake akatoka, hakurudi kipindi kile.

Tukabaki na ubao. Dada mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa anapita, akasikia kelele, akaingia. Akaniuliza, "Kwenu wapi?" Nikamwambia Mlalo, Lushoto. Akasema, "Vizuri. Mombo pale chini jua linachoma. Magamba juu unavaa koti. Ukichukua wastani wa hizo mbili unapata hewa nzuri ambayo si ya Mombo wala ya Magamba. Mkengeuko ndio unaokuambia watu wako mbali kiasi gani na huo wastani wako." Kisha hakuuliza kama tumeelewa. Alisema, "Haya, nirudishieni kwa maneno yenu." Nikakosea. Akarudia. Nikakosea tena, akarudia, wala hakuchoka. Tukawa tunakutana naye kila jioni mpaka mtihani.

Sapu nilipata C. Si A, sitawadanganya. Nilimpigia baba simu nikamwambia nimefaulu, na nikamwambia jambo la pili: lile neno ndiyo nililompa mzee nimelirudisha, kamwambie. Baba akasema, "Nitamwambia mwenyewe. Na mdogo wako atakwenda." Yule pale amekaa, sasa hivi yuko kidato cha sita na anabishana na kila mtu, Alhamdulillahi.

Namshukuru yule dada, sijui leo yuko wapi. Nawashukuru wenzangu waliosimama nyuma yangu. Namshukuru baba, alichelewa lakini alisema. Yule mwalimu simshukuru, bado nina hasira naye, na mkisema nimsamehe nitawajibu ndiyo ile ile ya uongo.

Wazazi wangu, mtoto akisema sijaelewa hajakutukana, amekuamini. Mabinti, mtakwenda vyuoni, mtakaa nyuma, mtaitwa wapita njia. Amkieni kwanza, kisha semeni ukweli.

Sasa nairudia ile niliyowaambia mshike. Nilieleza pale mwanzo takwimu ni nini, mkaitikia wote. Nauliza tena. Mmeelewa?

...

Nani huyo? Mama? Simama mama, wakusikie. Rudia.

Hujaelewa.

Shikamoo, mama. Mpisheni apite. Njoo ukae huku mbele, tuanze upya.