Mchoro Ambao Hakuuona

Basi lilikuwa linaingia mji wa Multan, Pakistan. Shagufta, aliyekaa kiti cha wanawake mbele, akamsikia kijana mmoja nyuma yake akisema, "Yule mchoraji Yawar amemtukana Mtume. Leo haponi."

Yawar alikuwa mumewe. Alichochora gazetini ni shehe mnene anayeuza pepo kwa kilo, basi.

"Umeuona huo mchoro?" akauliza mzee aliyekaa na kijana.

"Astaghfirullah! Niutazame ili iweje?"

"Sasa umejuaje?"

"Mtaa mzima unasema, mzee wangu. Au na wewe ni wale wale?"

Mzee akasema haraka, "Nimeuliza tu, mwanangu. Mtume nampenda kuliko roho yangu."

Shagufta akaficha simu chini ya mtandio, akamwandikia mumewe: "Toka sasa hivi, pitia juu ya paa la jirani." Hakujibiwa.

Basi likasimama kituo cha karibu na nyumbani kwao. "Dada, si hapa unaposhukaga?" kondakta akapaza sauti.

Akahisi macho ya watu wote kisogoni. "Hapana," akasema. "Leo nashuka mbele."

Kijana akampita, akashuka, na wanaume wa viti vya nyuma wakamfuata.